Mtihani wa Jumanne

Naapa kwa meno yangu tisa yaliyobaki kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu, sikuongeza hata punje. Wote waliomo nawafahamu, na benchi lenyewe nimelikalia hadi likanizoea. Kama yupo atakayenikamata na uongo, hata mdogo wa kuenea kwenye kijiko cha chai, anitaje mbele za watu, nami nitalipa papo hapo kwa namna atakayotaka yeye.

Palikuwa na muuguzi mmoja ambaye kila mtu alimwita Sista, hata mama yake mzazi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika kliniki ya presha: chumba cha mwisho kwenye korido ndefu, chenye mlango usiofunga mpaka upigwe goti, meza moja, mizani, mashine ya kupimia, na ukutani picha ya moyo iliyopauka hadi moyo wenyewe ukafanana na kiazi. Jumanne ndiyo ilikuwa siku yake, na kila mgonjwa alikuwa na Jumanne yake moja katika mwezi. Foleni ilianzia mlangoni, ikazunguka jengo zima, ikarudi mlangoni, na mara nyingine wa kwanza na wa mwisho walijikuta wakisalimiana.

Sista hakuwa mkali. Alikuwa na subira, ila subira yake ilikuwa kama sabuni ya hospitali: asubuhi inatolewa nzima, kufika saa sita imebaki kipande cha kuteleza vidoleni. Kupima hakukumchosha. Kilichomchosha ni kusema. Saa mbili kamili kila Jumanne alisimama mbele ya benchi akafundisha: dawa ya presha inamezwa kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Chumvi ipungue. Watu watembee. Mtu asimpe mwenziwe dawa yake, wala asiazime ya mwenziwe. Aliyasema hayo mara nyingi mno, hata mumewe akadai kwamba huyasema usingizini, tena kwa mpangilio uleule. Benchi liliitikia ndiyo Sista kama darasa la watoto, kisha likaenda nyumbani kufanya linavyojua.

Kila ushauri aliotoa ulimrudia ukiwa umevaa nguo za mtu mwingine. Aliwaambia wapunguze chumvi. Wakapunguza, kila Jumatatu. Aliwaambia watembee, wakaanza kufika mapema, wakizunguka jengo mara mbili kwa mwendo wa gwaride, kisha wanaingia kupimwa wakihema kama mabondia, presha imepanda juu ya paa. Aliwaambia wachague saa moja ya kumezea dawa wasiibadili. Bibi mmoja mfuma masweta akachagua saa ya taarifa ya habari. Siku umeme ulipokatika hakumeza, na alipoulizwa akajibu kwa utulivu kabisa kwamba taarifa haikusomwa. Siku hiyo Sista aliingia stoo, akafunga mlango kwa goti, akakaa juu ya boksi la glavu dakika nne, akiutazama ukuta.

Lakini bibi wa masweta hakuwa ndiye mwiba wake. Mwiba alikuwa mzee mmoja mstaafu wa posta, aliyepanga barua za watu kwa miaka thelathini, na benchi zima lilimwita Mzee Stempu. Mzee mwembamba, nadhifu, msimuliaji wa kupendeza. Alikuwa akieleza jinsi alivyowahi kuifikisha barua isiyo na anwani kwa kuinusa tu bahasha. Hadithi zake Sista alizivumilia. Namba zake ndizo zilizomnyima raha.

Mzee Stempu alikuwa anafaulu. Miezi saba mfululizo, kila ilipofika Jumanne yake, mashine ilitoa mia na ishirini kwa themanini, kama imekaririshwa. Na Sista, ambaye angepaswa kushukuru kumpata mtu mmoja anayesikia, alikuwa akiitazama namba hiyo kama mama anavyomtazama mtoto aliyenyamaza muda mrefu mno chumba cha pili.

Maana macho yake yaliona mengine. Soksi za mzee ziliacha mfereji kwenye vifundo vya miguu, na Sista alipobonyeza kwa kidole gumba, shimo lilibaki palepale likimtazama. Alipoinuka kitini, mzee alishika meza kwanza, akijifanya anakagua kama ni mbao ngumu. Tena zilikuwepo zile pakiti za vidonge, ambazo kila mgonjwa huzirudisha zikaguliwe. Aliziwasilisha tupu, hesabu sawia, hakukosekana hata kimoja. Ila karatasi ya fedha ya mgongoni ilikuwa inang'aa yote kwa pamoja. Pakiti ya mtu anayemeza kila siku, tundu la kwanza huwa limeshakunjamana na kufifia kabla la mwisho halijatobolewa. Hizi zilikuwa zimetobolewa kwa mkao mmoja, kama mtu aliyekaa kubambua karanga.

Alimuuliza kama anameza dawa. Mzee alisema anameza kila siku. Akamuuliza tena mwezi uliofuata, kwa sauti ya juu zaidi. Mzee akajibu vilevile, naye kwa sauti ya juu zaidi.

Sista angeweza kuliacha jambo hilo lipite, lakini mwisho wa benchi, kila Jumanne, alikuwepo fundi viatu, ambaye tangu augue alitakiwa kuja kila wiki. Mwaka uliopita naye alikuwa na namba safi. Miezi minane Sista mwenyewe aliandika "vizuri" kwenye kadi yake, na pakiti hakuzigeuza kutazama mgongo. Mwezi wa tisa mkewe alimleta kwa mkokoteni, upande mmoja wa uso umelala, mkono wa kushonea umekufa. Siku hizi viatu vyake mwenyewe anafungiwa kamba na mkewe. Sista kila alipompita alihesabu: mara nane vizuri.

Ndipo alipokuja daktari mpya, kijana mwenye kalamu nne mfukoni, aliyependa majedwali kuliko chai. Alizikusanya kadi zote, akapanga namba, na huko kwenye majedwali akakutana na Mzee Stempu akiwa amenyooka kama rula. Akafurahi. Akataka dawa ipunguzwe nusu, mzee awe anakuja kila baada ya miezi mitatu, na picha yake itundikwe koridoni kama mgonjwa wa mfano. Tayari misumari miwili ilikuwa imeshapigwa ukutani.

Sista alimwambia hamwamini yule mzee. Daktari akauliza kwa msingi gani. Sista akaanza na soksi, akaendelea na meza, akamalizia na karatasi ya fedha, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia anaonekana mtu wa kupiga ramli. Daktari alisikiliza kwa heshima, na heshima hiyo ilimkera kuliko kama angecheka.

"Namba hazidanganyi, Sista," alisema.

"Ni kweli, Dokta. Ila mkono unaopimwa una mwenyewe."

Wakaafikiana hivi: karatasi ya kupunguza dawa ingekaa mezani kwa daktari hadi Ijumaa saa sita mchana. Sista akiwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya soksi, akilete. Asipokuwa nacho, saini inapigwa. Alirudi chumbani kwake akijua kwamba dawa ikipunguzwa nusu kwa mtu ambaye hata hiyo nzima haimezi, atakayeletwa safari hii kwa mkokoteni anamjua kwa jina la utani.

Alimwita Mzee Stempu kutoka benchini. Akamwambia kadi yake imebaki kwa daktari, aje Ijumaa saa nne kuichukua. Mzee akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama Ijumaa atapimwa. Swali hilo peke yake lilikuwa jawabu. Sista akasema ni kuchukua kadi tu. Ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu aanze kazi, na alishangaa jinsi ulivyotoka bila kukwama.

Ijumaa mzee alifika akipiga mluzi. Mfukoni kete za drafti zilikuwa zinagongana, kwa sababu kutoka hapo alikuwa akienda kwenye kibaraza cha kinyozi, ambako yeye na wenzake walicheza tangu asubuhi hadi jua lizame. Sista alimkaribisha kiti. Kisha akavuta mashine.

Mzee aliitazama kama mwanafunzi aliyekuta karatasi ya mtihani mezani siku ya michezo. Akasema leo si Jumanne. Sista akakubali kwamba si Jumanne. Mzee akasema hakujiandaa. Sista akamwomba akae, mgongo uegemee, miguu yote miwili sakafuni, mkono mezani, na dakika tano bila hadithi. Dakika hizo tano, mzee alikuja kukiri, zilikuwa ndefu kuliko miaka yake yote ya posta.

Kitambaa cha mashine kikajaa upepo mkononi, mashine ikakoroma, dirisha likatikisika, na nje koridoni watu watatu wakashika vifua vyao kwa huruma. Mia mbili na nne kwa mia na kumi na nne. Sista alifungua kitambaa. Akangoja, akapima mkono wa pili. Namba ni ileile, kama pacha wake.

Hapo damu ilimwenda mbio, lakini mikono yake ilijua kazi. Akamuuliza kama kichwa kinamgonga, kama macho yana ukungu, kama kifua kinabana. Hapana, hapana, hapana. Akamwambia ainue mikono yote miwili, afumbe macho. Mikono ilibaki juu, sawasawa. Akamwambia acheke.

"Nicheke nini, mwanangu, na hali ndiyo hii?"

"Cheka tu, mzee wangu."

Mzee akacheka kwa kulazimishwa, na mdomo ukapanda pande zote mbili kwa pamoja. Sista ndipo aliporudisha pumzi aliyoisahau tangu mwaka uliopita.

Halafu zikaja hasira. Miaka kumi na mmoja ya maneno ilijipanga ulimini mwake, foleni ndefu kuliko ya nje, kila neno likitaka kuingia la kwanza. Alifungua kinywa. Akayaona yote yakiitikiwa ndiyo Sista. Akafunga. Kisha, kwa uchovu zaidi kuliko hekima, akauliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza: kesho ikiwa ndiyo Jumanne yake, yeye nyumbani anafanya nini, tangu anapoamka? Amweleze kama anavyomweleza mgeni.

Na Mzee Stempu, kwa kuwa hakuna msimuliaji anayekataa kuombwa hadithi, akaeleza. Alfajiri ya Jumanne anameza vitatu kwa mpigo. Siku nyingine za mwezi hamezi. Vinavyobaki anavitoboa vyote jioni ya kuamkia kliniki na kuvitia kwenye kopo la kahawa, ambalo sasa limejaa hadi halifungi. Mbinu hiyo hakuibuni yeye, alifundishwa na fundi viatu. Yapo mafunzo yanatolewa pale benchini saa moja asubuhi, kabla Sista hajaja kutoa ya kwake ya saa mbili, na yeye sasa ndiye mwalimu. Wanafunzi ni wanne.

Sista akauliza, taratibu sana, iwapo hakuona kilichompata fundi viatu.

"Niliona," mzee akasema kwa masikitiko ya kweli. "Masikini, mwezi ule alisahau kujiandaa."

Sista alishika ukingo wa meza, na safari hii ni yeye aliyeonekana kukagua mbao. Akauliza sababu. Kujiandaa kwa nini? Nani alisema huu ni mtihani?

Mzee alionekana kushangaa kwamba anaulizwa. Akamkumbusha. Ukikutwa namba iko juu, Sista anaiandika kwa kalamu nyekundu. Anasema umefeli, kwa sauti inayofika mochwari. Kisha unapelekwa benchi la nyuma, kumngoja daktari hadi saa nane mchana, na benchi zima la mbele linageuka kukutazama. Aliyefaulu anakwenda nyumbani saa tatu. Sasa mtu mzima, aliyepanga barua za watu miaka thelathini, akakae benchi la nyuma?

Benchi la nyuma Sista alilibuni mwenyewe, mwaka wake wa pili, ili foleni isigongane. Kalamu nyekundu aliinunua kwa mkono wake. Alitafuta mtu wa kumkasirikia mle chumbani, akakuta wako wawili tu, na mmoja ni yeye.

"Sawa," akasema. "Na siku nyingine ni kipi kinakuzuia usimeze?"

Hapo mzee akajiinamia. Kumbe kilikuwa kile kidonge cha kutoa maji mwilini. Akikimeza saa tatu, baada ya chai, anafika kwa kinyozi saa nne, na kuanzia hapo ni kuinuka na kwenda chooni, kuinuka na kwenda chooni, na choo kiko ng'ambo ya barabara. Kila akirudi anakuta kete zake mbili zimeliwa na hakuna aliyeona. Wenzake wakampa jina lingine, ambalo hakulitaja. Akaacha kile kidonge, na kwa kuwa hakuvijua kipi ni kipi, akaviacha vyote.

Sista akamwambia akimeze alfajiri, anapoamka, kabla ya chai. Hadi saa nne maji yatakuwa yameshatoka, na atacheza drafti mpaka kinyozi afunge.

"Ndilo hilo tu?" mzee akauliza.

"Ndilo hilo tu. Kwa nini hukuniambia, baba? Miezi saba."

"Kwa nini hukuniuliza, mwanangu? Wewe uliuliza kama nameza."

Hakumuuliza kama ameelewa, kwa sababu hilo nalo lilikuwa na jibu lake la siku zote. Alimwambia aseme yeye, kuanzia alfajiri ya kesho, atafanya nini. Mara ya kwanza mzee alieleza vizuri ila akaongeza kidonge kimoja kwa usalama. Mara ya pili aliingiza habari ya bahasha. Mara ya tatu ikatoka safi: kila alfajiri, kimoja kimoja kama kilivyoandikwa, asifidie vya jana, vya kwenye kopo vyote vije kliniki, na kichwa kikigonga au mkono ukifa ganzi aje siku hiyohiyo, iwe Jumanne isiwe Jumanne.

Saa sita kasoro dakika tano Sista alimwingiza mzee kwa daktari. Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa. Daktari alisoma namba, akauliza imepimwa kwa mashine ipi, kisha akapima kwa yake mwenyewe. Ikakataa kushuka hata kwa heshima ya cheo. Akaichana ile karatasi vipande vinne, akaandika dawa zilezile ziendelee, safari hii zikimezwa, na mzee arudi Jumatatu. Habari ya picha haikutajwa tena. Misumari miwili ipo ukutani hadi leo. Mmoja Sista anatundikia koti, mwingine mwavuli.

Jumanne iliyofuata benchi la nyuma lilisogezwa mbele, watu wakakaa popote. Kalamu nyekundu ilitoweka. Sista hakuuliza nani anameza. Alimuuliza kila mtu ni siku zipi zilimshinda wiki hiyo, na kwa nini, na alipouliza alikaa chini. Wale wanafunzi wanne wakaleta makopo yao. La kahawa kama la mwalimu wao, la maziwa, la biskuti, na moja la rangi ya ukuta. Mzee Stempu naye tangu Ijumaa ile hakuruka siku hata moja.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Niliona imekaa vizuri, nikampelekea Sista aisome kabla ya wengine.

Aliisoma kasimama, miwani puani. Akauliza mwandishi alijuaje alichokuwa anatazama mle stoo, juu ya boksi la glavu. Nikasema nilikisia. Akafika kwenye neno "mwembamba", akalitazama tumbo langu muda mrefu, akalikata kwa kalamu ya buluu. Akasema pia kwamba baada ya kucheka kwa kulazimishwa yule mzee alilia, na kwamba kitambaa alichofutia machozi hakijarudishwa. Akafika mwisho, kwenye "hakuruka siku hata moja", akanyoosha mkono.

"Pakiti, mzee wangu."

Niliitoa mfukoni. Hakutazama mbele, aliigeuza mgongo. Matundu yamefifia, yamefifia, yamefifia, halafu matatu kwa mfululizo yanang'aa kama macho ya paka. Alinitazama juu ya miwani, na ile sabuni yake niliiona ikiteleza.

"Siku zipi?" akauliza.

"Jumamosi na Jumapili," nikasema. "Ya Jumatatu nilimeza kweli, niliitoboa pamoja na hizo mbili. Tulikuwa na mashindano ya drafti, tunaanza kabla ya jua."

Akataka nilipe kama nilivyoapa, na malipo akayachagua yeye. Basi Jumanne iliyopita, saa moja asubuhi, nilisimama pale nilipokuwa nikifundishia, suruali nimeikunja hadi magotini, vifundo vyangu vikitazamwa na watu arobaini na tatu, nikasema nilivyokuwa nikifanya, na kopo, na Jumamosi, na Jumapili. Sista alikaa kwenye benchi, katikati ya bibi wa masweta na ukuta, akinisahihisha kila nilipoongeza chumvi, na alinisahihisha mara sita. Nilipofika pale niliposema fundi viatu alisahau kujiandaa, nilimgeukia mwenyewe. Fundi viatu akacheka, kwa upande ule mmoja unaocheka, akasogea kidogo kwa msaada wa mkewe, akanionyesha nafasi ya kukaa.